Mashahidi Wapo, Kesi Iko Wapi?

Mpendwa mshauri Saudah, naomba msaada wako nikiwa bado naweza kushika kalamu, maana miguu imevimba, moyo umechoka, na daktari wa Mbarara ameniambia nirudi nyumbani nikapumzike, na mtu wa umri wangu anajua maana ya pumziko la namna hiyo.

Nilikuwa mwalimu kule Uvira, Kongo, na tangu nifike kambi ya wakimbizi ya Nakivale watu wa kijiji chetu cha Kashojwa wamekuwa wakija kwangu niwaandae kwa mahojiano ya ofisi ya wakimbizi, nami niliwafundisha jambo moja tu, waseme walichoona kwa macho yao, siku, mahali, jina la mtu, wasiongeze maoni, kwa sababu aliyechanganya aliyoyaona na anayoyawaza alijikanganya alipoulizwa mara ya pili, na watu hao hao wakaniletea watoto wao niwafundishe insha, nami bila kujua nikawafundisha kwa desturi ile ile.

Sasa yupo Goretti, binti wa jirani, anayeuza unga pale sokoni Misiera na kutafuta nafasi ya kusomea ualimu Mbarara. Mtihani wa kuingia ni insha ya hoja, na alianguka. Akaiandika upya, akampelekea Mwalimu Jamidah anayesomesha jioni huko Nyamityobora, mtaa wa Mbarara, naye akamrudishia karatasi akicheka: "Wewe Goretti, hii maneno iko mzuri, lakini wewe unataka nini? Umeleta mashahidi, kesi iko wapi?" Goretti akaja kwangu analia, nami, Mungu anisamehe, nikamwambia labda insha si kipaji chake. Akafuta machozi. "Basi, mi sina kichwa ya masomo. Acha niuze tu bunga."

Juzi nilimwomba anisomee insha yenyewe. Swali lilikuwa kama soko lifunguliwe Jumapili. Akasoma: "Jumapili moja ya mwezi wa pili, Mama Olga alibeba mihogo mpaka sokoni, akakuta pamefungwa. Jumanne mihogo ilikuwa imeoza." Aya iliyofuata ni tukio lingine, na inayofuata lingine tena, wala hakuna hata moja inayosema soko lifunguliwe au lisifunguliwe. Nikamuuliza mbona hasemi anachowaza.

"Eh, Baba Mwalimu! Si ni mwenyewe mulitukataza? Ku ofisi, ukianza kuwaza, banakuuliza mpaka unapotea!"

Alisema kwa utani, lakini mimi nilisikia sauti yangu mwenyewe. Sitakuficha, mshauri, nilicheka kwa nafuu mpaka nikakohoa, kwa kuwa binti hana kasoro, kasoro ni funzo langu, na funzo huweza kusahihishwa. Ila sikumwambia. Kashojwa nzima inaniita Mwalimu. Mtihani wa marudio ni wiki ijayo naye ameshasema haendi. Nikinyamaza, nitazikwa na heshima yangu yote, naye ataishi akiamini hana akili. Nikisema, atanitazamaje? Na kwa muda huu mfupi nimfundishe nini?

Mwalimu Anselme, Kashojwa

JIBU

Mzee wangu Anselme, pole kwa maradhi, na kicheko chako kimenifurahisha hata mimi. Lakini kunyamaza, hapana! Umemwambia mtoto wa watu hana kipaji, ukagundua si kweli, kisha unanunua bahasha uniandikie mimi wa Mbarara? Mwenye haki ya maneno haya anaishi nyumba ya pili.

Wala usijipige kupita kiasi. Onyo lako liliwafaa watu ofisini. Ofisi inauliza nini kilitokea. Insha inauliza unasimama wapi. Na sehemu ngumu umeshaifanya: insha nyingi ninazoletewa hapa mjini zina maoni tele, ushahidi hakuna. Goretti anao wa kumwaga.

Mwambie kila aya aifungue kwa neno lake mwenyewe, jambo moja tu: "Soko likifungwa Jumapili, anayeumia ni mkulima mdogo." Hapo ndipo Mama Olga aingie na mihogo yake. Kisha asimwache mama wa watu amesimama pale mlangoni. Aeleze tukio hilo linathibitisha nini, kwamba mwenye duka la sabuni anaweza kusubiri Jumatatu, muhogo uliong'olewa hauwezi. Akiwa na jambo jingine, alitengee aya yake. Visa vitatu vya kilio kimoja havifanyi hoja tatu. Na wapo watakaosema siku ya Mungu iheshimiwe. Awape nafasi, awasikilize kwa adabu, halafu awajibu. Pengine soko lifunguliwe baada ya ibada. Asiwakimbie.

Mwite leo, si kesho. Anza na samahani, uiseme kwa ufupi, halafu mwambie waziwazi kwamba akili anayo. Mpe karatasi aandike aya moja mbele yako, na kalamu usiiguse. Kuhusu atakavyokutazama, muulize mwenyewe. Akikujibu, "Baba Mwalimu, mulinikosea," usimkatize wala usijitetee. Muulize, "Kwa nini?" na umwache aendelee; hapo atakuwa ameanza kujenga hoja.