Nani Atampokea Bikira Kwetu

Kisangani, Jumapili jioni. Mvua haijakatika tangu mchana, na umeme hakuna.

Leo zamu ya sala ilikuwa kwetu. Kila Jumapili shirika letu, jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa, linasali katika nyumba mojawapo ya mtaa, na sanamu ya Bikira Maria inaletwa kwa nyimbo kutoka nyumba ya wiki iliyopita. Kwa desturi yetu, mwenye nyumba haipokei. Anayeipokea mlangoni ni mtoto wake, na Jumapili inayofuata ndiye anayeibeba.

Mtoto wangu ni Riziki. Ana miaka ishirini, na anapenda wasichana. Aliniambia mwenyewe mwaka jana. Nililia, nikalia, mwishowe nikachoka, maana alikuwa bado Riziki yuleyule anayeunguza wali. Mwezi huu mtaa nao umejua. Kwenye kwaya wamemtoa.

Ijumaa Papa Léonard, kiongozi wa shirika, alikuja dukani kwangu. Hakuketi.

"Mama Riziki, bon, ile saa ya sala mutoto asikuwe mu nyumba. Batu banasema vita inatufikia juu ya zambi ya namna hii. Akiwa pale, Bikira haitaingia."

Vita! Wanaume wazima wanachoma vijiji huko njia ya Opala, kumbe kosa ni la binti yangu. Nilikasirika hata nikampimia mteja maharage badala ya mchele.

Baba yake amekwama Butembo tangu mapigano yafunge barabara. Kwa simu alisema tufunge mlango, tuseme tumesafiri. Kusafiri kwenda wapi, baba, na vita hii?

Niliogopa, nisidanganye. Siku hizi mtu akishanyooshewa kidole, vijana wanaokaa pale kona hawatafuti sababu nyingine ya kumpiga. Nyumba ambayo Bikira ameipita bila kuingia, nani ataitetea?

Mchana nilimkuta Riziki amevaa viatu. Alitaka kutoka kabla hawajafika, ili mimi nipate amani. Nilimkalisha kitini nikamvua viatu hivyo kwa mikono yangu, kama alipokuwa mdogo, nikamwambia akasimame mlangoni. Alisimama.

Wakaja wakiimba. Walipomwona, wimbo ukafa. Papa Léonard akageuka na mwavuli wake, na zaidi ya nusu wakamfuata bila hata kuniaga. Mama Georgette, aliyebeba sanamu mwenyewe kwa kuwa nyumbani kwake hakuna mtoto wa kuibeba, alibaki katikati ya ua, maji yakimtiririka usoni. Huyu ndiye mkali kuliko wote katika shirika. Akikukuta umechelewa sala, utaomba ardhi ipasuke. Nikajua yamekwisha.

Riziki alikuwa amenyoosha mikono. Sikuweza kutazama.

"Kamata muzuri," nikasikia sauti ya Mama Georgette. "Iko muzito."

Tulisali sisi wachache tuliobaki, viti vingi vitupu, ndizi za makemba nilizokaanga zikipoa kwenye sinia. Kila mtu aliyepita njiani nilidhani anakuja na fimbo.

Wengine walipoondoka, Mama Georgette hakuinuka. Alikuwa anaitazama kanga yake iliyolowa.

"Mutoto yangu naye iko vile," alisema. "Nilimufukuza. Akaenda Opala kwa tonton, mujomba yake, kisha vita ikaanza. Sijue kama iko muzima. Wewe usifukuze."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Miaka yote hii nimemwogopa mama huyu, na leo sikujua hata nimshike wapi. Nikamshika mkono tu.

Aliuliza kama anaweza kurudi Jumatano tusali pamoja, na kama Riziki atakuwepo. Anasema kuna mama mwingine mwenye mtoto kama wetu, hakumtaja jina, ambaye angekuja kama angejua pa kwenda. Nikasema aje naye, na huyo mtoto aje pia.

Nilisema upesi kabla woga haujanirudia. Sasa umerudi.

Kwa sababu Jumapili ijayo zamu ni ya Papa Léonard, na aliyempokea Bikira ndiye anayembeba hadi nyumba inayofuata. Riziki anasema yuko tayari. Je, Papa Léonard atafungua mlango? Na wale vijana wa pale kona, watatuachia tupite?

Sijui. Nitatembea mbele yake. Kama kuna jiwe, linipate mimi kwanza.