Kitanda cha Futi Tatu

S.L.P. 1147,
Nyakato,
Mwanza.
19 Julai, 1995

Mpendwa Shangazi Wilhelmina,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu nilifundishwa hivyo, na aliyenifundisha ni wewe. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Morogoro, na kwamba goti lililokusumbua wakati wa Pasaka limepata nafuu. Ukitaka kujua hali yangu, mwili hauna neno. Moyo ndio unachemka tangu Sabasaba. Barua hii nimeianza mara tatu. Mbili za kwanza nimezichana kwa sababu zilikuwa na maneno ambayo mtoto hamwandikii shangazi yake. Hii nayo adabu yake ni ya kuokoteza, itabidi uivumilie.

Baba huko Kisesa ni mzima. Pamba mwaka huu imekubali, na siku hizi wanunuzi wa makampuni binafsi wanamfuata mpaka nyumbani na mizani yao, wanamwita mzee kwa heshima zote. Nakwambia haya ili usije ukasema ni shida iliyomsukuma kufanya alichofanya. Hakusukumwa na shida. Alisukumwa na wewe.

Tarehe nane, siku moja baada ya Sabasaba, nilitoka zamu kiwandani, bado nanuka sangara, nikamkuta Selina ameketi kwenye kizingiti changu na begi, kuku mmoja na doti mbili za khanga mpya. Nilifurahi kama mwehu. Nilidhani mdogo wangu amekuja kuniaga, kwa sababu barua ya kuitwa chuo cha ualimu aliipata tangu Mei na wanatakiwa kuripoti mwezi ujao. Nikamwuliza anasafiri lini. Akainamisha kichwa.

"Dada, Baba amesema chuo kitangoja. Amesema nije nikusaidie."

"Unisaidie nini, mimi niliye na mtoto gani wa kubebwa?"

Akaanza kulia, akanipa barua ya Baba iliyogundishwa kwa uji ili yeye asiisome.

Kabla hata sijamaliza ukurasa wa kwanza nilikielewa kitanda. Shangazi, wiki tatu kabla ya hapo mume wangu Masele alikuja na kitanda kipya cha futi tatu kutoka kwa seremala mmoja wa Mkuyuni, karibu na pale anapouza mitumba tangu kiwanda cha nguo kimpunguze kazini. Nikampigia vigelegele. Nilidhani ni cha mama yake, anayekuja kutibiwa macho. Nikakipangia chumba cha uani. Nikakishonea foronya, nikaitarizi maua ya rangi mbili. Ndiyo, mimi Rebeka, kwa mikono yangu hii iliyokufa ganzi kwa barafu ya kiwandani, nilimtarizia maua mke mwenzangu, na mke mwenzangu mwenyewe ni mdogo wangu wa tumbo moja. Masele alikuwa amekaa pale pale ananitazama nikishona, na akaniambia yanapendeza.

Baba ameandika hivi, nanukuu: "Dada yangu Wilhelmina ameshauri, nami nimeona ni busara, kwamba Selina akae na dada yake, na Mungu akimjalia azae humo humo, mtoto awe wa nyumba hiyo na ng'ombe wasitajwe. Rebeka mwenyewe amemwandikia kuwa mayai hana."

Mayai sina! Naomba uende ukaitafute barua yangu ya mwezi wa tatu, uvae miwani, uisome tena. Nilikuandikia wewe peke yako. Sikumwandikia Baba, wala ukoo, wala mizani ya pamba. Nilikwambia kwamba Daktari Akelo, yule mama wa kutoka Musoma, alinipima kwa ile mashine yenye kioo akanionyesha mayai ninayo, tena mengi, yamejaa kwenye vifuko vidogo vidogo kama punje za uwele, ila hayapevuki hata yakatoka. Alisema ndiyo maana hedhi yangu inakuja mara tatu au nne kwa mwaka inavyojisikia. Ndiyo maana na mwili unanenepa hata nikila kidogo, na kidevu kinaota ndevu ninazozinyoa kwa wembe nimejifungia chooni. Akasema si laana wala si mkono wa mtu, wanawake wengi wanao ugonjwa huo, na wengi wanazaa wakitibiwa. Niliandika yote hayo nikiwa nalia kwa furaha, kwa sababu kwa mara ya kwanza katika miaka sita ya ndoa kuna mtu alinieleza mwili wangu bila kunitukana. Wewe katika yote hayo umechota maneno mawili, tena si yangu.

Unajua niliyoyapitia. Mwaka 1993 nilikaa miezi minne bila kuona siku zangu, na mama mkwe hakungoja kuniuliza. Akachinja mbuzi, akawaita majirani, akanifunga kitambaa kiunoni. Nilimwambia mimi hukaa hivyo, si mimba. Akacheka, akasema kila mwanamke wa mimba ya kwanza huona haya. Mwezi wa tano damu ikaja. Unajua walisema nini? Walisema nimeitoa. Mpaka leo kuna wanawake Nyakato hawanipi mtoto wao nimshike. Na siku aliponifuma na wembe kidevuni, mama mkwe alisema mbele ya wapangaji wote, "Ndevu hizo ndizo zilizokula wajukuu zangu." Haya nilikuandikia wewe nikitegemea utanionea uchungu. Tangu Mama afariki, mtu wa kumwandikia mambo ya namna hii ninaye mmoja tu.

Mila naijua, usinifundishe. Binti asipozaa, kwao hupeleka mdogo wake ili ng'ombe wasirudishwe. Na ng'ombe wangu kumi na wawili hawapo, walikwenda kumwolea mke kaka Josephat, ambaye sasa ana watoto watano na hajawahi hata kuniletea mmoja anisalimie. Kwa hiyo mimi nikiachwa, Josephat anatetemeka, na Josephat akitetemeka anatolewa Selina! Mtoto ana miaka ishirini na barua ya chuo mkononi, amefaulu kuliko sisi wote, halafu anapimwa kiuno kama mtamba mnadani. Nina hasira, Shangazi. Nina hasira mpaka minofu kiwandani naikata ovyo, na msimamizi amenihamisha kwa siku mbili nikafungashe mapanki, ile mifupa ya samaki inayobaki.

Jioni ile ile Masele aliporudi sikupiga kelele. Nilimpa chakula, akala, akanawa. Kisha nikamwuliza kama alijua. Akasema wazee ndio walioamua. Nikamwuliza tena, "Ulijua?" Akasema alijua. Nikamwuliza ile karatasi aliyoandikiwa na Daktari Akelo, ya kwenda kupimwa yeye, iko wapi tangu Machi. Daktari alisema waziwazi kwamba hata mimi nikitibiwa, lazima na mume apimwe, vinginevyo tutakuwa tunatwanga upande mmoja. Karatasi aliikunja akaiweka chini ya mguu wa kabati lisiyumbe. Kwa seremala alikwenda mara nne kukagua mbao za mninga, lakini hospitali hakupata nafasi hata mara moja.

Basi nikafanya jambo ambalo nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mama mkwe. Nikamchukua Selina, nikamlaza na mimi kwenye kitanda chetu kikubwa. Nikamwambia Masele kitanda chake alichokinunua kipo tayari, na foronya ina maua. Leo ni siku ya kumi na moja analala humo. Ni mtu mrefu, miguu inatokeza nje mpaka kwenye ndoo ya maji. Siku tatu za kwanza alininunia. Siku ya nne alikuta mama yake amekuja kunisema mlangoni, akamwambia, "Mama, nenda nyumbani." Sijui ni maumivu ya mgongo au ni aibu, sikumwuliza. Juzi Jumatatu aliitoa ile karatasi chini ya kabati, akaipiga pasi, akaenda nayo hospitali. Kabati sasa linayumba. Majibu ni Ijumaa. Sijamsamehe, lakini nimemwongezea blanketi.

Sasa nikukumbushe jambo moja, na hapa ndipo hasira inapogeuka kuwa kitu kingine nisichokijua jina. Siku mbili kabla ya harusi yangu, tukichambua mchele jikoni, ulinisimulia habari za dada yako Dorotea. Ulisema hakuzaa, ukapelekwa wewe ukiwa na miaka kumi na sita, ukaambiwa unakwenda kumsaidia. Ulisema mlikaa miaka tisa katika boma moja mkipika kwenye mafiga tofauti, na watoto uliowazaa wakafundishwa kumwita yeye mama na wewe kukuita kwa jina. Ulisema alipokuwa anakufa ulimpelekea uji, akageukia ukutani. Ulilia juu ya ule mchele mpaka tukauosha tena. Ukanishika mkono ukasema, "Kama ningekuwa na uwezo ningekufa kabla ya kuliona hilo tena katika ukoo wetu." Ni maneno yako. Umeyasahau wapi? Kwenye treni ya Morogoro? Au wazee wakishakaa upande wa kuamua, uchungu wao unawatoka wanatuachia sisi?

Nina habari moja nzuri, na nakupa ingawa hukustahili. Nimeanza vidonge, siku tano kila mwezi, vinapatikana kwenye duka la dawa la mtu binafsi pale mjini, maana hospitali mara nyingi vimekwisha. Jumamosi iliyopita, siku ya ishirini na tisa tangu hedhi iliyotangulia, nilipata siku zangu. Zimekuja zenyewe kwa wakati, kama za mwanamke mwingine yeyote, kitu ambacho hakijanitokea tangu nina miaka kumi na minne. Mama mkwe angeziona angelia. Mimi nilikaa chooni nikacheka peke yangu, Selina akagonga mlango akidhani nimerukwa na akili. Daktari Akelo anasema yaelekea mayai yameanza kuamka. Labda nitazaa, labda sitazaa. Lakini nikizaa nitazaa mimi, na nisipozaa nitakuwa mimi pia.

Ninachokuomba ni hiki, na ni kimoja tu. Baba ameitisha kikao cha wazee tarehe tano Agosti, aseme Selina ameshapokelewa na mambo yamekwisha. Mimi hanisikilizi, ananiona mtoto mwenye kasoro. Wewe anakusikiliza. Kwa kalamu ile ile uliyomshauri nayo, mwandikie kwamba ulikosea. Mwambie Selina aende chuo. Mwandikie na habari za Dorotea kama ulivyonisimulia jikoni, kwa sababu nadhani hajui mlivyoishi, siku ile wanaume wa kwetu walikuwa nje wakila nyama. Barua ya kwenda Kisesa ipitishie kwangu, nitaipeleka mwenyewe mkononi.

Wasalimie watoto wako wote, na Mjomba Nestory mwambie viatu alivyotuma vimenienea. Josephat anakusalimu, au angekusalimu kama ningemwuliza. Masele anakuamkia kutoka kwenye kitanda chake. Mungu akulinde, alitulize goti lako, na akupe moyo ule uliokuwa nao kwenye mchele.

Selina naye anakusalimu sana. Amekufumia kitambaa cha meza, atakutumia akipata mtu wa kuja huko. Anadhani wazo lilikuwa la Baba peke yake. Ule ukurasa wenye jina lako niliutoa kabla sijampa barua asome, nimeuficha ndani ya foronya yenye maua. Barua yako ikifika, vyovyote utakavyoandika, nitampa aisome mwenyewe.

Mwanao akupendaye hata akiwa na hasira,
Rebeka Luhaga