Unywele wa Klara

Mlalo, 2 Machi 1975

Mjukuu wangu Klara, mke mwenzangu,

Pokea salamu. Sisi wazima, ila ukungu huu unanibana kifua. Wewe je, unakula? Babu yako kila jioni anauliza mke wake mdogo atarudi lini. Namwambia Desemba, masomo yakiisha. Anayeandika ni Efrazia, mke wa mwinjilisti. Mimi nasema tu, shule yenu sikuiona.

Tunakula unga wa njano wa msaada, ule watu wanaouita Yanga, na tunalima shamba la kijiji. Sasa niambie, huko Urusi kazi yenu ni ipi? Babu yako anawatangazia watu sokoni kwamba mnatengeneza jua. Nimemwambia aache kunitia aibu.

Bibi yako, Zipora

Moscow, 20 Aprili 1975

Bibi mpendwa,

Shikamoo, na Babu shikamoo. Mimi mzima, kifua chako kinanitia wasiwasi.

Babu hakukosea sana. Tunatengeneza vipira vya kioo, vidogo kuliko chembe ya ulezi, vyenye uwazi ndani. Tunavijaza gesi, kisha miali ya leza inavipiga kutoka pande zote, vibanwe mpaka gesi iwake kama jua. Kipira kikiwa kinene upande mmoja tu, hakibanwi sawasawa. Tunakitupa.

Anayenifundisha ni mama mzee, Vera. Wote tunamwita babushka, yaani bibi. Vidole vinavunja vipira, kwa hiyo tunavinyanyua kwa ncha ya unywele. Nywele zake zimekuwa laini mno, akaniomba unywele wangu. Nikang'oa mmoja, sasa anaufanyia kazi kila siku!

Mjukuu wako, Klara

Mlalo, 8 Juni 1975

Klara,

Mimi mzima. Huyo mama wa Urusi kama mzima sijui, wala sijamuuliza.

Wewe umetoka nyumba gani? Nywele zako za utotoni nilizinyoa mimi, nikazifukia nyuma ya migomba asizishike mtu. Hata ulipokuwa shuleni Kifungilo, likizo ulikuja kusukwa kwangu. Leo unamng'olea mwanamke ambaye ukoo wake huujui! Kila siku anaushika, anaufanyia kazi. Kazi gani? Ya kukufunga usirudi. Efrazia anasema Mkristo haogopi nywele. Nimemwambia, andika wewe, usinihubirie.

Na huyo bibi wa pili umempa cheo nani? Anakusuka? Ukiumwa anakukanda mgongo? Mwambie arudishe unywele. Desemba nakungoja.

Zipora

Moscow, 30 Novemba 1975

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa. Nisamehe kwa kuchelewa kuandika. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia kwamba Desemba siji.

Mama Vera alianguka kazini. Kiharusi. Mkono wa kulia hausogei. Wanawe wawili walikufa vitani bila kumwachia mjukuu. Nikitoka kazini ninamlisha. Nimeomba kukaa mpaka Juni.

Najua utasema ni ule unywele. Hapana, Bibi. Nakaa kwa hiari yangu.

Klara

Mlalo, 11 Aprili 1976

Mke mwenzangu,

Sisi wazima. Sikujibu kwa sababu nilikuwa na wivu, na bado ninao. Babu yako aliniuliza, "Ulitaka tuwe tumelea mtoto wa kumwacha mgonjwa sakafuni?" Nikamwambia ale viazi vyake anyamaze.

Sasa sikiliza. Mkono ule ukande kwa maji ya moto asubuhi na jioni, kutoka begani kushuka. Usiuvute. Uji uwe mwepesi, na kijiko ashike mwenyewe kwa mkono mzima, hata akimwaga. Mchane nywele. Sisi wazee tukichanwa tunalala vizuri. Usimlilie mbele yake.

Juni uje. Kama hana wa kumwangalia, mlete. Chumba cha mbele nimekipaka udongo upya, jua linaingia. Wewe utalala kitandani kwangu kama zamani, hilo asiliombe.

Ila hilo jina la bibi libadilishe. Mwite mama mkubwa, mwite shangazi, mwite unavyopenda. Efrazia anacheka, lakini nimemsimamia mpaka aandike:

Bibi yako, mmoja tu,
Zipora