Siku Nabalayo Alipotuacha Mtoni

Kongo, Kawangware,
Nairobi.
5 Juni 1977

Mpendwa Shangazi, Senge yangu Nasipwondi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku Nairobi. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, wewe na Mzee Gerishon na watoto wote huko Ndola. Kifua chako kinaendeleaje? Wakati wa Pasaka ulituandikia kwamba baridi ya asubuhi inakusumbua, na kwamba Nanyama alikuwa amelazwa na malaria. Tulimwombea kanisani. Tafadhali tuambie kama amerudi shule.

Huku tuko wazima, ila mimi nakuandikia nikiwa kitandani, mguu wa kulia umefungwa plasta kuanzia gotini hadi vidoleni. Usishtuke. Daktari anasema mfupa unashika vizuri. Tumesikia kwamba habari zimekufikia kupitia kwa watu, na kwamba uliambiwa nimekatwa mguu. Sijakatwa. Ndiyo maana nataka uyasikie mambo haya kutoka kwangu mwenyewe.

Senge, ulisema Nabalayo asiolewe na Mburu, kwa kuwa wewe ndiwe shangazi yake na hujamwona kijana huyo wala huwajui watu wake. Sikukulaumu, maana hata Baba alisema hivyo hivyo. Mburu ni mtoto wa Mzee Chege, mwenye hii ploti ninayoishi. Yeye ni fundi wa baiskeli pale steji ya mabasi iitwayo Hamsini na Sita, na kibanda chake kinapakana na mahali ninapotengenezea viti. Walijuana Nabalayo alipokuwa akija kunisalimia kutoka Kisumu Ndogo kule Kibera, anakoshona yunifomu za shule. Mburu ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Siku hizi dada yangu hutoka Kibera hadi hapa akiendesha mwenyewe, na watu husimama kumtazama.

Mzee Chege naye hakutaka. Alimwambia mwanawe waziwazi kwamba akienda kuposa kwa Waluhya asirudi kwenye ploti. Siku moja Mburu akaniambia, "Wangila, kama wazee wenu hawanijui, wacha niende wanione."

Safari hiyo ilianza kama mambo ya furaha. Mburu alikuwa amesikia habari za msitu wa Kakamega kwa Nabalayo mpaka akaanza kuuota. Akatengeneza baiskeli tatu, akatoa madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu, ili matope yasikwame, akafunga tairi nene zenye meno. Mpango ulikuwa tushuke basi Kakamega, tukate msitu katikati, pengine tukiendesha na pengine tukitembea, jioni tuwe tumefika kwa Baba. Nabalayo aliijua njia kwa sababu alipokuwa msichana mdogo alikuwa akipita huko na Mama kwenda sokoni. Mimi, kama ujuavyo, nililelewa Kitale kwa Babu, na msitu ule niliuona kwa mbali tu.

Tuliingia asubuhi, mvua ya usiku ikiwa bado inadondoka kutoka majanini. Mwanzoni tulicheka sana. Mburu alikuwa akiruka mizizi na baiskeli yake kama mtoto. Lakini kadiri tulivyoingia ndani, hewa ikawa nzito. Jua lenyewe hatukuliona, bali joto lilitoka chini, kwenye majani yaliyooza, na shati langu likaloa kama nimetoka mtoni. Mahali pengi tulibeba baiskeli mabegani kwa sababu ya matope na kamba za miti. Maji yetu yakaisha mapema kuliko tulivyotarajia. Mbega walitupigia kelele huko juu, kisha wakanyamaza, na ule ukimya wao sikuupenda.

Tukafika mahali njia inaposhuka kwa ghafula kwenda mto Isiukhu. Nabalayo alishuka kwenye baiskeli akaanza kuisukuma. Mimi nikaona mteremko si mkali sana. Nilipokamata breki ya mbele, waya ukakatika. Nakumbuka mti ukinijia. Nakumbuka pia sauti ya mfupa.

Nilipofumbua macho nilikuwa kwenye mchanga kando ya maji, Mburu amepiga magoti karibu nami, uso wake umebadilika rangi. "Hii mguu imevunjika," alisema. "Usiangalie." Akavua shati, akachukua pampu ya baiskeli na kipande cha fimbo, akanifunga kwa tyubu. Nililia, Senge, sitakuficha.

Hapo ndipo wakaanza kubishana. Mburu alitaka kwenda kutafuta watu.

"Wewe ni msichana," alimwambia Nabalayo. "Siwezi kukuacha upite huku peke yako."

"Na njia unaijua?" Nabalayo akamuuliza. "Huko mbele inagawanyika. Utashika gani?"

Mburu aliitazama ile njia ng'ambo ya mto.

"Ukipotea, tutakuwa tumekwisha wote. Kaa na ndugu yangu. Usitoke hapa mpaka nirudi, umenisikia?"

Akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akainua baiskeli begani, akavuka mto maji yakiwa magotini. Upande wa pili alipanda baiskeli, na miti ikamfunika. Hakugeuka kututazama. Nadhani angegeuka asingeweza kwenda.

Tukabaki wawili. Kwanza Mburu alizungumza sana, akaniambia mambo ya wateja wake, akajaribu kunichekesha. Baadaye maneno yakamwishia. Tukawa tunasikiliza tu. Kila tawi likivunjika tulidhani ni yeye. Joto lilizidi, nzi wakajaa kwenye damu, na mimi nikaanza kutetemeka ingawa nilikuwa natoka jasho.

Kisha siafu wakaja. Mburu aliwaona kwanza, mstari mweusi ukishuka kwenye ukingo kuelekea tulipo. Alinishika chini ya makwapa akaniburuta hadi ukingoni kabisa mwa maji, halafu akarudi kuwakanyaga na kuwamwagia maji kwa kofia yake. Walimpanda hadi mgongoni. Aliruka na kujipiga huku akitukana kwa Kikuyu, na hata mimi na maumivu yangu nilitaka kucheka. Lakini niliposhika mkono wake nikaona umevimba wote.

Baada ya siafu mbingu ilinguruma upande wa juu, unakotoka mto. Pale tulipokuwa mvua haikunyesha sana. Mburu ndiye aliyetambua kwamba maji ya mto yamegeuka rangi. Jiwe kubwa alilokanyaga Nabalayo akivuka tuliliangalia likimezwa.

"Wangila, lazima tupande," alisema.

"Siwezi."

"Najua. Mimi nitaweza."

Akanibeba mgongoni. Ule ukingo, Senge, ni udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Aliteleza, tukarudi chini, na mguu ukapiga mzizi. Nilimwomba aniache. Sijui kama alinisikia. Akaanza tena kwa magoti na mkono mmoja, akishika mizizi, mkono mwingine umenikaza. Tulipofika juu tulilala kifudifudi tukihema. Chini yetu maji yalikuwa yamefunika mchanga wote. Tuliona baiskeli yake, ile aliyoijenga mwenyewe kwa vipande alivyonunua sokoni Gikomba kidogo kidogo, ikiinuliwa na kuzungushwa, usukani ukatokeza mara moja, kisha ikaenda. Alifuta matope usoni mwangu kwa kiganja.

Sasa mto ulikuwa kati yetu na Nabalayo. Na yeye alikuwa amechelewa. Hata kwa kutembea angekuwa amekwisha kufika na kurudi, na mimi nilijua, na Mburu alijua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema.

Mwishowe nilisema mimi. Nilimwambia, "Nenda umtafute. Niache hapa juu, maji hayatafika."

Alisimama. Akatazama mto, akatazama mguu wangu, akarudi kuutazama mto. Nilimwona anavyopumua. Halafu akaketi.

"Aliniambia nikae na wewe," alisema. "Yeye anajua hii msitu, mimi sijui. Nikienda, atarudi hapa atupate aje? Atakuwa anatafuta watu wawili." Akainamisha kichwa. Kisha akasema, polepole, "Lakini kama amepotea, nitamwambia nini baba yenu? Nitaanzia wapi?"

Tukashikana mikono kama watoto, na nikasali kwa sauti. Sijui kama kwao wanasali hivyo, lakini aliitikia Amina kila nilipotua.

Nikueleze sasa kilichompata Nabalayo, maana sisi tulikijua baadaye tu. Mnyororo ulikatika mara tu alipopita njia panda. Aliitupa baiskeli kichakani akakimbia. Akakutana na wanaume waliokuwa wakipasua mbao kwa siri. Wakadhani ametumwa na watu wa forest, walinzi wa msitu, wakamshika wasimwachie aende kuwasema. Aliwaeleza, hawakuamini. Akalia, hawakujali. Basi akakauka machozi, akawaambia, "Mimi ni binti ya Khaemba. Ndugu yangu akifa leo, majina yenu sitayajua, lakini sura nitazikumbuka." Mmoja wao, mzee aitwaye Shiundu, akauliza ni Khaemba yupi. Kumbe alisoma pamoja na Baba. Huyo mzee ndiye aliyeacha msumeno wake akamsindikiza mbio hadi nyumbani, na wenzake nao wakafuata na kamba.

Jua lilikuwa linazama tuliposikia watu wakiita. Mburu aliitika mpaka sauti ikakauka. Tukawaona ng'ambo, na Nabalayo akiwa mbele, kanga yake imechanika, hana kiatu kimoja. Maji yalikuwa bado yanakwenda kwa nguvu. Wanaume walipanda juu kidogo palipolala mti mkubwa, wakafunga kamba, wakavuka wakijishikilia. Baba alivuka pia. Nilimwona akitambaa juu ya gogo lile, na umri wake ule, nikafumba macho.

Alinishika kichwa kwanza. Alipohakikisha kwamba ninaongea, aligeuka akamtazama Mburu, aliyekuwa amesimama kando bila shati, matope hadi kwenye nywele, uso umefura kwa siafu.

"Wewe ni nani?" Baba akamuuliza.

"Mimi ni Mburu, mzee. Fundi wa baiskeli."

Senge, wewe unamjua ndugu yako. Hakusema karibu, hakusema asante. Alivua koti lake, lile la kijivu la kwendea kanisani, akamvisha, akamfunga vifungo kimoja kimoja kama anamvisha mtoto. Kisha, wanaume walipokwisha kunifungia machela ya miti na kamba, akasema, "Shika upande ule wa machela."

Nililazwa hospitali, nikatibiwa vizuri. Mburu alikaa kwa Baba mpaka niliporuhusiwa kutoka. Mama alimpikia, na akawatengenezea majirani baiskeli zote zilizokuwa zimelala. Habari ya posa Baba hakuigusa. Alisema tu kwamba dada yake, yaani wewe, hajasema.

Tuliporudi Kawangware niliogopa tutakuta vyombo vyangu nje. Mama yake Mburu, Wagaki, alituona kwanza akapiga mayowe kwa ajili ya makovu ya siafu usoni mwa mwanawe. Mzee Chege alikuja mlangoni jioni. Alisimama, akatazama plasta yangu kwa muda mrefu, mikono nyuma. Halafu akaniuliza, "Ni kweli huyo dada yako alipita msitu peke yake?" Nikamwambia ni kweli. Akatikisa kichwa, akaenda zake. Mburu bado analala katika chumba chake pale plotini. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna aliyesema amesamehewa. Hivyo ndivyo tunavyoishi sasa.

Senge, nilikuwa nimefika hapa, nikitaka kumalizia kwa kukuomba ufikirie upya kwa kuwa kijana huyu aliokoa maisha yangu. Lakini Nabalayo ameingia sasa hivi kutoka Kisumu Ndogo, ameniletea dagaa wa omena, akaichukua karatasi akaisoma yote akiwa amesimama. Sikumwona akifurahi.

"Hiyo usiandike," akaniambia.

Nikamuuliza kwa nini, ilhali ni kweli tupu.

"Ni kweli. Lakini mimi si zawadi ya kumshukuru mtu kwa sababu alikubeba. Kama angeteleza ukafa, ningekuwa bado namtaka. Kama Senge anakubali, akubali kwa sababu mimi nimesema. Na kama anakataa, aniambie mimi, si wewe."

Nimemwahidi nitayaandika maneno yake yalivyo, na nimeyaandika. Ameketi hapa mwisho wa kitanda akichambua omena, na hanitazami. Omena aliokwisha kuwachambua anawarudia tena.

Msalimie sana Mzee Gerishon, na Nanyama, na wadogo wake wote, hata huyo mchanga ambaye hatujamwona. Mama anakuambia kwamba mbegu za maboga ulizoomba ziko, atazituma na mtu wa kwanza anayekuja huko. Baba anakusalimu bila maneno mengi, kama kawaida yake. Mungu akufungue kifua, akulindie nyumba, na akuweke mpaka tuonane uso kwa uso.

Jibu lako mwandikie Nabalayo mwenyewe. Anwani yake ya Kibera nimeiweka nyuma ya bahasha.

Ni mimi mtoto wa ndugu yako, nikupendaye sana,

Wangila