Tundu la Chini, Tundu la Juu

Jumatatu, 2 Septemba

Zaina, mwanangu,

Leo asubuhi nimepima tena ukuta wa chumba chako kabla ya kwenda kazini. Upande wa baraza, kutoka sakafuni hadi gotini kwangu: hapo litakaa tundu la chini. Upande wa pili, karibu na dari: la juu. Nimechora kwa kipande cha makala, mkaa wa jikoni. Mama yako alipita na ndoo, akaona alama, akaenda zake.

Baadaye nilikaa barabarani nikiziba mipira ya toleka hadi adhuhuri. Baiskeli za abiria siku ya Jumatatu huja zimechoka kama wenyewe.

Mdogo wako Nuru anakuja Alhamisi. Mimba yake ya kwanza, na kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa mzazi. Wewe pia ulikuja hivyo. Atalala chumba hicho hicho maana hatuna kingine. Yaya Mariamu, dada yangu mkubwa, ndiye atakayemkalisha arobaini kama alivyokukalisha wewe. Ndiye anayewakalisha wazazi wote wa ukoo. Siwezi kumzuia. Siwezi hata kuingia, mwanamume haingii chumba cha arobaini.

Lakini ukuta ni wangu.

Alhamisi, 5 Septemba

Nuru amefika. Miguu imevimba. Tumbo liko chini. Alicheka aliponiona, kisha akaangalia mlango wa chumba na kicheko kikaisha.

Nitaandika hili mara moja tu. Mzazi lazima akae na moto, ndivyo wanavyosema, mifupa yake imefunguka. Basi wakaleta mbabula, jiko la makala, ndani, wakafunga mlango, wakaziba kwa nguo matundu ya tofali juu ya dirisha ili upepo usikupate wewe na mtoto. Hapa Kisangani, ambapo mtu hutoka jasho akiwa amekaa tu. Wiki ya kwanza haikuisha. Mama yako alifungua mlango asubuhi, mmelala wote wawili, hamkuamka.

Muuguzi alinieleza vizuri. Makala yakiwaka mahali pasipopumua hutoa hewa mbaya isiyo na harufu. Yaya alisema ni upepo. Ukoo mzima ukasema upepo. Walikula wali wa matanga yako wakakubaliana juu ya upepo.

Nilimwomba Nuru akae bila moto. Akasema, "Papa, nikikosa moto, kwa bwana watanicheka mpaka nizeeke." Mtoto huyu aliona dada yake akifunikwa. Bado anaogopa kuchekwa.

Sawa. Atapata joto. Moto ndio hautaingia.

Jumamosi, 7 Septemba

Papa Lofemba, fundi wa mabati, mtu wa Isangi, amekuja na vyuma vyake. Kazi yenyewe ni hii. Pipa linakaa nje barazani na kuni zinawaka ndani yake. Moshi unatoka kwa bomba lake, juu ya paa. Bomba la pili linapita katikati ya pipa bila kugusana na moshi: mdomo mmoja uko nje, karibu na ardhi, unavuta hewa safi, mwingine unapenya ukuta na kuimwaga chumbani ikiwa ya moto. Nilimchorea mchangani.

Tulibishana juu ya tundu.

"Papa Rama, moto inapandaka juu, hata mutoto anajua. Unaweka tundu chini sababu ya nini? Sababu ya panya?"

"Njo sababu inapanda. Ikiingia chini, itapita kwa Nuru mbele ya kufika juu. Ikiingia juu, itabaki na dari."

"Bon. Dari haizae." Akacheka peke yake, akaanza kukata.

Na lazima la juu liwepo, nilimwambia, maana yale ya tofali juu ya dirisha watayaziba tena. Chumba kilichojaa hewa hakipokei nyingine. Itoke kule, ndipo iingie huku. Kitanda tutakiweka pembeni, si mbele ya tundu, usoni mwa mtoto pasikauke.

Tuliwasha saa kumi. Joto likaja. Moshi ukaja nalo. Mdomo wa nje tuliuelekeza jikoni, na mama yako alikuwa anapika pondu, majani ya muhogo. Chumba chote kikanuka pondu.

Ulipenda pondu iliyoungua kidogo chini ya sufuria. Ulikwangua na kijiko mpaka jirani akauliza kama tunasugua bati.

Jumapili, 8 Septemba

Tumegeuza mdomo upande wa nyuma. Huko kuna choo. Lofemba alinusa, akanitazama, akaokota vyuma vyake.

Tumeugeuza tena, upande wa kichochoro, mbali na bomba la moshi. Huko ni hewa tu na nyimbo za kanisa la jirani. Tumewasha. Nilipiga magoti nikaweka mkono kwenye tundu la chini. Hewa ya moto, kavu, haina harufu ya kitu. Kisha nikapanda kiti nikaweka mkono kwenye la juu. Ilikuwa inatoka, polepole.

Nilikaa kwenye kitanda chako muda mrefu. Vyuma vikuukuu, nusu yake nilikuwa navyo tangu zamani chini ya meza yangu. Hakuna kilichokuwa kigumu. Hicho ndicho kinachoniuma.

Jumanne, 10 Septemba

Yaya Mariamu amekuja kukagua. Alizunguka pipa akiwa ameinua kitenge chake kama anavuka tope.

"Ramazani, njo nini hii? Unatengenezea mutoto treni ya Ubundu?"

Wanawake wa jirani wakacheka. Nami nilicheka kidogo, kwa heshima.

"Na itapiga honi saa ngapi?"

Kisha akaingia chumbani, akaona tundu la juu, akatoka uso umebadilika. Akanivuta pembeni. Alizungumza chini chini, na hapo ndipo nilipomwogopa.

"Kama tundu hii iko ya lazima, donc mimi niliua mutoto wako. Sema. Sema nisikie."

Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni. Alinifundisha kusoma kabla sijaenda shule. Nilitazama viatu vyangu.

Lakini wewe nakuambia: ndiyo. Hakukusudia, lakini ndiyo. Na kila siku aliyosema upepo, ameniua na mimi kidogo.

Ijumaa, 13 Septemba

Nuru amejifungua materinite, wodi ya wazazi. Mtoto wa kike. Mdogo, lakini analia vizuri. Nilimwona kupitia dirisha. Ana paji lako la uso, au nataka awe nalo.

Jumapili, 15 Septemba

Wamerudi nyumbani. Mvua tangu asubuhi, upepo unatoka mtoni. Niliwasha pipa kabla hawajafika ili chumba kiwapokee.

Yaya aliingia na furushi lake, mafuta, na maji ya moto ya kumkanda. Mlango ukafungwa. Nilibaki nje nikitia kuni, mtu mzima anayechochea pipa kama kijana wa mwokaji.

Baada ya swala ya alasiri nilizunguka nyuma kutazama tundu la juu. Limezibwa. Kitenge cha bluu kimekunjwa na kusukumwa mpaka mwisho.

Nikaleta ngazi. Nikakivuta kwa nje. Kikatoka chote. Nikakianika kwenye kamba.

Jumatatu, 16 Septemba

Asubuhi limezibwa tena. Safari hii gunia. Nimevuta. Saa sita, gunia na mto juu yake. Nimevuta. Yaya alikuwa ndani anasukuma, mimi nje navuta, wazee wawili tunagombania gunia kupitia ukuta. Majirani walitoka kutazama. Mmoja aliniuliza nani anashinda.

Sikuona cha kuchekesha.

Maana ni hivi, na hakuna anayetaka kunisikiliza: la juu likizibwa, la chini halileti kitu. Pipa linawaka bure. Chumba kinapoa. Naye Yaya anatoka mlangoni na kuwaambia watu, "Muone, mashini yake haina moto. Mutoto iko na baridi." Anaziba, halafu anashitaki ubaridi.

Nilimweleza mama yako. Alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Niache, Baba Zaina." Tangu siku ile hatujazungumza juu ya chumba. Sijui anaamini nini. Tumelala kitanda kimoja muda wote huu na sijui.

Jumanne, 17 Septemba

Imetokea.

Mvua kubwa mchana. Nilikuwa nimepanda ngazi kuvuta gunia, nikamwona Yaya anavuka uwanja, ameshika mbabula kwa matambara mawili. Makala mekundu mpaka juu. Akaingia chumbani na kufunga mlango kwa mguu.

Nilishuka. Nilifika mlangoni. Nikasimama. Mkono wangu ulikuwa kwenye mbao. Nilifundishwa tangu mdogo kwamba mwanamume akivuka kizingiti kile, aibu humfuata mzazi na mtoto. Siliamini jambo hilo. Mkono haukusukuma.

Mama yako alitoka jikoni. Hakukimbia. Alinisogeza kwa bega kama mtu anayesogeza kiti, akaingia, akaacha mlango wazi. Nilisikia yote.

Yaya: "Asha, funga mulango. Upepo."

Mama yako: "Upepo ya wapi, Yaya? Siku ile mie njo nilifungua mulango. Hata pazia haikutikisika."

Mtoto alipiga chafya.

"Hata pazia," akasema tena.

Akatoka na mbabula. Alishika kwa pindo la kitenge chake, bila matambara, na nikaona inamuunguza lakini hakuitupa. Aliiweka chini katikati ya uwanja, kwenye mvua. Makala yakalia. Tulisimama wote tukiangalia mpaka yakawa meusi.

Kisha akaingia tena, akapanda kitanda cha Nuru kwa magoti, akaling'oa gunia kwa ndani.

Yaya alikusanya mafuta yake, kitambaa chake cha kukandia, na viatu. Mlangoni alisimama mbele yangu. "Mumenifukuza kama muchawi," akasema. "Mbele ya watoto." Sauti yake ilikuwa ya mwanamke mzee sana. Alitoka kwenye mvua bila mwavuli. Nilitaka kumfuata na mwavuli. Sikumfuata.

Ijumaa, 20 Septemba

Siku ya kumpa mtoto jina. Tulipika kwa ajili ya ukoo mzima. Ukoo haukuja. Binamu mmoja alipita, akala akiwa amesimama, akasema ana haraka. Yaya ameshawaeleza kila mahali kwamba ndugu yake amemwita muuaji. Sikumwita hivyo. Ila sitakwenda kukanusha, na wao wanajua sitakwenda.

Wali ulibaki mwingi. Ni wale wale walioshiba kwenye matanga yako.

Nilisubiri wampe mtoto jina lako. Nilikuwa nimevaa kanzu safi kwa ajili hiyo. Nuru alimpa jina la mama mkwe wake. Ni haki yake. Nilisema amina.

Papa Lofemba alikuja, na hata si dini yake. Alikula sahani mbili, akaweka mkono kwenye bomba, akaniuliza kama dari imeshazaa.

Jumamosi, 28 Septemba

Mkono wa mama yako unapona. Anamkanda Nuru mwenyewe sasa, kwa ule mwingine. Hajui vizuri, Nuru analalamika maji ni moto mno, wanagombana, nasikia sauti zao kupitia bomba kana kwamba niko nao. Mwanamume haingii, lakini bomba halijui.

Nilimwona Yaya sokoni. Alinunua chumvi. Alikuwa amekonda. Aliniona, akahesabu chenji yake mara ya pili, akageuka. Nilibaki pale kati ya wauza samaki nikiwa na maneno yote tayari, mazuri na mabaya, na hakuna wa kumpa.

Ijumaa, 4 Oktoba

Alfajiri nimetia kuni mbili tu. Nuru anasema joto limezidi. Amefungua dirisha kidogo.

Mtoto amenenepa. Mama yako alimleta mlangoni nimwone, kwa kuwa mimi sivuki. Alinishika kidole. Ana kucha ndefu, lazima zikatwe.

Hakuna mtu wa ukoo aliyekuja wiki hii.

Nimekaa kwenye kigoda karibu na pipa. Hewa inatoka tundu la juu, siioni, ila utando wa buibui ulio karibu yake unacheza. Mvua imekatika. Baadaye nitakwenda kuziba mipira.

Zaina, wewe nakukumbuka bila kujitahidi. Na wewe huko, ukipata nafasi, nikumbuke.