Fulana za Raili na Mwaka wa Shaba

Raili wetu mpendwa,

Mwaka umezunguka na kutimia tangu asubuhi ile ya mwezi wa tano ulipotutoka, wiki ileile barafu ya mwisho ilipokatika ziwani. Ulikuwa umekunja taulo thelathini na mbili za timu ya hoki ya barafu, zikabaki mezani zimepangana ukingo kwa ukingo. Hakuna aliyethubutu kuzigusa hadi baada ya mazishi.

Tunakuandikia gazetini kama ilivyo desturi, tukukumbuke na wengine wasikie. Lakini safari hii tuna jambo la kukuomba radhi. Hapa Vaskijoki kuna kijana anasimangwa kwa ajili ya fulana safi, na wa kumwokoa ni wewe peke yako. Tutalifikia. Kwanza pokea habari za msimu, maana hizo ungeziuliza hata kabla ya salamu.

Tunakumbuka mikono yako, haikujua kukaa bure. Mchezaji mgeni akifika hajui neno moja la Kifini, ulimshonea jina ndani ya soksi, ukamfundisha kuomba kahawa. Hayo mengine ulisema yatakuja yenyewe. Aliyeachwa nje ya kikosi alikuta pipi ya chumvi ndani ya kiatu chake cha barafu. Hukumwambia kitu, wala yeye hakukuuliza.

Kiangazi kilikuja na ufagio. Kocha uliyemwita Mchimba Kaburi aliondolewa kabla maua hayajachanua, akaletwa Mswidi mmoja anayetafuna tufaha kwenye benchi, mbegu na vyote. Washambuliaji wawili wakaenda Uswisi. Wakaja Wakanada wawili na Mslovakia mmoja, na golini akaja Eetu Närhi, miaka ishirini na mitatu, kutoka kaskazini kwenye watu wa maneno machache. Wachezaji wakapatikana wote. Aliyekosekana ni mtu wa kufua.

Mkurugenzi wa timu akampigia simu dada yako Eila.

“Ni kwa muda tu, Bibi, mpaka apatikane mwingine.”

“Mimi nilikuwa mpishi wa shule,” Eila akamwambia. “Najua sufuria.”

“Mashine ni mashine.”

“Hata mume ni mume, lakini kila mmoja ana kelele zake.”

Mkurugenzi akacheka, na kesho yake akamletea ufunguo. Huyo mwingine hajapatikana mpaka leo.

Kwa hiyo dada yako, na miaka yake sabini na minne, ameishi mwaka mzima ndani ya chumba chako. Alidhani anakujua kwa kuwa mlilala kitanda kimoja mkiwa wadogo. Kumbe hakujua kwamba mashine ya pili haiwaki mpaka ipigwe goti upande wa kushoto. Hakujua kwa nini mwiko wa mbao ulining’inia kwenye msumari karibu na mlango, mahali pasipo na chakula. Aliutazama mwiko ule Agosti yote, Septemba yote, asitake kumuuliza mtu, apate raha ya kugundua mwenyewe. Mwezi wa kumi na moja ndipo alipopata: unaingizwa kwenye glavu zilizolowa, unageuza vidole vya ndani kuja nje, kimoja kimoja, bila kupasua mshono. Akacheka peke yake mpaka mtunza barafu akachungulia.

Timu nayo ilianza vibaya, Raili, tusikufiche. Oktoba walifungwa mara tisa. Kofia ya dhahabu, ile ya mwenye pointi nyingi, ilihama vichwa vinne kabla ya Krismasi, na kila ilipohama Eila aliifuta jasho la mmoja na kumkabidhi mwingine, kama anagawa uji. Ikafika kwa Mkanada mwenye kichwa kikubwa, ikambana, akafunga mabao matatu ili awahi kuivua, akaambiwa sasa ndiyo ameipata zaidi. Kiiskit, timu yetu, walikuwa wa mwisho kabisa. Yule samaki wa miiba kwenye jezi akaonekana kama ameshaparwa magamba.

Januari Eetu akageuka ukuta. Hatujui nini kilimpata. Alikuwa anadaka kisahani cha mchezo kama mtu anayepokea chenji dukani, bila haraka. Timu ikapanda polepole, pointi kwa pointi, mpaka mechi ya sitini, na sare ya dakika za mwisho ikawapa nafasi ya kumi. Nafasi ya kumi ni mchujo wa huruma, mlango wa mwisho wa kuingilia robo fainali, wewe unajua. Mumeo Taisto alisema huruma nayo ni pointi.

Wakashinda mechi ya kwanza ya mchujo. Roope Vesterinen, ambaye sasa ndiye nahodha, akaja chumbani na ndevu zake za siku tano, akaweka mkono juu ya kikapu.

“Bibi, kuanzia leo fulana za ndani haziguswi na maji. Tunashinda.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka tufungwe.”

“Na zikianza kusimama zenyewe?”

“Tutazichezesha. Mabeki wenyewe hatuna.” Halafu akasema kwa adabu: “Mama Raili hakufua mchujo hata mmoja. Miaka ishirini na miwili. Mwaka wa shaba nilikuwa na miaka kumi na tisa, fulana yangu ilikuwa inatoa machozi. Medali ikaja.”

Alipoondoka, dada yako alikaa kwenye kiti chako akawaza. Raili gani huyo? Raili aliyekuwa akiosha kikombe cha mgeni kabla mgeni hajameza funda la mwisho? Akamuuliza mumeo wakati wa chakula.

“Shemeji, hivi Raili alikuwa hafui kweli?”

“Viazi vimeiva,” Taisto akajibu.

Akamuuliza tena Jumatano, siku ya sauna.

“Mawe yameshika moto,” Taisto akajibu.

Eila akajua kuna kitu. Mtu asiye na siri husema ndiyo au hapana.

Mchujo wa huruma wakaumaliza kwa mechi mbili. Robo fainali, ambayo wa kwanza kushinda mechi nne ndiye anayesonga mbele, wakapangiwa vinara wa ligi wenyewe, na vijana wetu wakawafunga mara mbili mfululizo. Mji haukulala vizuri wiki ile. Binti yako Merja anasema hata mwalimu mkuu alikuwa hanyoi ndevu, asije akaiondolea timu bahati. Na chumbani kwako, Raili, palikuwa na harufu ambayo Eila aliisikia mpaka kwenye mkate.

Ndipo Eetu akaja akiwa amejishika kifua. Alipofungua vifungo, ngozi chini ya kinga ilikuwa nyekundu kama nyama ya samoni, na majipu mawili yameanza kuiva. Daktari wa timu alikuwa amemwambia mambo mawili tu: fulana safi, au abaki nyumbani na homa.

“Raili angefanya nini?” Eetu akauliza. Hakuwahi kukuona, lakini kila mtu mle ndani huuliza hivyo.

“Sijui,” Eila akasema. “Mwaka mzima najaribu kujua. Mimi nitaifua. Kama utakasirika, kasirika sasa hivi, nisije nikakuta umekasirika baadaye.”

“Fua, Bibi. Inawasha kuliko mbu wa Juni.”

Akaifua kwenye mashine, mchana kweupe, na sabuni ya kawaida. Kabla ya mechi Roope akavuta pumzi, akageuza shingo. Eetu hakuweza kusema uongo. Akasema ni yake ndiyo inayonukia. Wakafungwa tano bila. Mtu akamwambia mtu wa gazeti. Wakafungwa tena, na tena. Dukani watu walimpa Eila pole na nafasi kwenye foleni, lakini Eetu walimpita kama nguzo.

Mechi ya sita ilikuwa nyumbani. Walipofungwa bao la nne, kutoka nyuma ya goli kikarushwa kipande cha sabuni. Halafu cha pili. Mwishowe vilikuwa kumi na saba, Merja alivihesabu. Eetu alivikusanya kimoja kimoja kwa gongo lake, akavipanga juu ya wavu, akarudi kusimama mahali pake. Dakika tano zilizobaki hakufungwa. Msimu ukaishia hapo.

Taisto alikuwa amekaa nasi safu ya tisa. Tulirudi naye nyumbani. Jikoni akatundika kofia, akasimama mbele ya dada yako kama mtoto wa shule.

“Shemeji, alizifua. Zote. Kila mchujo.”

“Mwaka wa shaba pia?”

“Mwaka wa shaba mara kumi na moja. Aliniapisha nisiseme hata akifa. Sasa amekufa, nimenyamaza, na mtoto wa watu anarushiwa sabuni.”

Maneno yakamtoka kama barafu ya paa inapoporomoka. Yeye ndiye aliyezibeba fulana kwenye gari ndani ya gunia la viazi. Sauna yenu iliwashwa hata siku zisizo za sauna, na majirani wakadhani mna baridi yabisi. Ulifua kwa mkono, kwa sabuni ya msonobari kidogo sana, ukasuuza mara tatu, ukaanika nyuma ya banda la kuni zikaganda na kukakamaa kama samaki mkavu, maana baridi kali huondoa harufu ya sabuni. Mwisho ukazifungia ndani ya begi la glavu kuukuu zikarudishe uvundo wake. Uvundo juujuu, ngozi salama. Ndiyo maana miaka ile yote hakuna aliyeota jipu.

Dada yako hakutosheka kuambiwa. Asubuhi zilikuwa bado na baridi, kwa hiyo alichukua fulana tatu, akafanya kama ulivyofanya, hatua kwa hatua, Taisto akimsahihisha kwenye kusuuza. Siku wachezaji walipokuja kuondoa vitu vyao na kunyoa ndevu, akamwita Roope, akamfumba macho kwa taulo, akampa anuse tano: tatu zilizofuliwa na mbili ambazo hazijaona maji tangu mchujo uanze.

“Hii imefuliwa,” Roope akasema, akishika moja.

“Hiyo ni yako. Haijaguswa.”

Akanusa tena zote, taratibu, kama anayeonja supu. Akakosea mara ya pili. Akavua taulo, akamtazama Eila, mkono ukitafuta kidevuni ndevu ambazo hazipo.

“Mama Raili?”

“Kila mchujo.”

“Hata mwaka wa shaba?”

“Mara kumi na moja.”

Akakaa kwenye benchi. Akasema, “Bibi, usiwaambie watu. Mji huu una ziwa na shaba ile, basi.”

“Na Eetu?”

Roope aliinuka. Alichukua begi lake, akafika mlangoni, akarudi. “Nilipita karibu yake mechi ya sita,” akasema. “Niliona anaziokota zile sabuni. Sikumsaidia.”

Nyumbani tulibishana wiki mbili. Merja alisema siri ya mama ni ya mama, na kwamba uliificha kwa upendo, usiwaondolee vijana imani yao. Taisto alisema ameshavunja kiapo mara moja, mara ya pili haitauma zaidi. Dada yako alisema yeye anajua jambo moja tu baada ya mwaka mzima kwenye kiti chako: hukuwahi kumwacha mchezaji aumie ili watu wengine wafurahi. Ulidanganya kwa ajili ya ngozi zao. Kama ungekuwa hai ungemficha Eetu kwenye gunia la viazi ikibidi. Merja akaenda kutafuta kalamu.

Basi tumesema, Raili, na mji mzima unasoma. Medali ya shaba ilichezwa kwa fulana zilizofuliwa na kusuuzwa mara tatu. Utusamehe. Hatukuweza kumtetea yeye na kukufichia wewe kwa pamoja.

Yapo ambayo bado hatuyajui. Hatujui ulianza vipi mwaka ule wa kwanza, wala ulicheka peke yako au uliogopa, ukiwa umesimama nyuma ya banda na fulana ya nahodha imeganda mkononi. Taisto naye hajui. Alisema alibaki garini, kwa sababu ulimwambia abaki.

Tutakunywa kahawa ya kukukumbuka leo Jumamosi, saa nane mchana, chumba cha kufulia, mlango wa nyuma wa uwanja. Wote mnakaribishwa, na wale wa nyuma ya goli pia. Roope ameahidi kuleta keki. Eetu Närhi amealikwa. Mkataba wa mwaka mwingine uko mezani kwake, na jibu anatakiwa kulitoa Jumatatu.

Wanaokukumbuka: mumeo Taisto, binti yako Merja na mumewe Jorma, wajukuu zako Venla na Kasper, dada yako Eila, na wote waliovaa ulichofua.

Siku zote zilizobaki, Raili, utakuwa nasi.