Sentensi za "con"

Samira, funga duka kwanza. Hilda amenipigia sasa hivi, analia.

Unamkumbuka yule mwalimu wake wa Kihispania wa WhatsApp, ambaye hajawahi kumwona hata sura? Wiki nzima anamfundisha "con", yaani "pamoja na". Alimwambia atunge sentensi za maisha yake mwenyewe ndiyo atashika haraka.

Hilda akatunga. Vivo con mi abuela, naishi na bibi. Hata mbwa akamtungia: hatuishi tena na mbwa, amekufa. Mwalimu anasifu tu, vizuri, vizuri.

Leo bibi kaondoka na jirani yao mama Margwe kwenda msibani Tumati, kamwacha Hilda peke yake. Hazikupita dakika tano, ujumbe ukaingia: leo tunajifunza "sin", maana yake "bila". Na mfano wa mwalimu ni huu: Hoy Hilda está sin su abuela. Leo Hilda yuko bila bibi yake.

Nimemuuliza, ulimwambia? Anaapa hajamwambia mtu. Habari ya msiba imewafikia asubuhi hii hii.

Mimi niko Katesh, nitachelewa. Wewe uko hapo Mbulu mjini, chukua boda uende kwa Hilda Endagikot sasa hivi.

Nenda na kaka yako Shabani. Usiende peke yako.